Mwalimu Kabla ya Chombo

Katika Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara, kama ilivyo katika kata nyingine za bonde la Kilombero, mtu akitaka kumfadhili mtoto asiyeona au asiyesikia, aghalabu wazo lake la kwanza ni kununua kitu: mashine, simu, shimesikio, fimbo nyeupe. Wazo hilo ni jema, wala hatulikatazi. Lakini twawaomba wasomaji wetu, khasa wazazi na wale walio katika kamati za shule na za madrasa, watazame pamoja nasi swali moja linalosahauliwa. Chombo kikishafika, ni nani atakayemfundisha mtoto kukitumia, na mtu huyo naye amefundishwa na nani?

Uhaba wa vyombo hivi ni wa kweli. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza ya kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 ulimwenguni wanahitaji chombo saidizi kimoja au zaidi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye kuvihitaji. Basi ni hasara iliyoje chombo kilichopatikana kwa taabu namna hiyo kikae kabatini kwa sababu hakuna anayekijua!

Tuchukue mfano wa maandishi ya nukta nundu. Yalitungwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, ambaye mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikwisha kuupata mpango wa nukta sita. Kwa nukta hizo sita hupatikana alama 63. Mashine ya Perkins, iliyotolewa Marekani mwaka 1951 na ingali ikitumika katika shule zetu hadi leo, ina vibonye sita, kila nukta na kibonye chake, pamoja na kibonye cha nafasi. Mwalimu aliyezoea taipu hudhani atabonyeza kimoja baada ya kingine. Sivyo: vibonye vya herufi moja hubonyezwa vyote kwa pamoja. Na pasipokuwa na mashine, mtoto hutumia kibao na kalamu ya kutobolea, naye huandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimepinduliwa, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Hapa walimu wa madrasa wana jambo lao la kujifunza. Kiarabu cha nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume cha msahafu wa kawaida. Misahafu ya nukta nundu ipo. Ni vitabu vikubwa, tena vingi, kwa sababu karatasi yake ni nene na nukta zake hutaka nafasi. Lakini mwalimu asiyeijua kanuni hiyo ya mwelekeo atamkosesha mtoto tangu mstari wa kwanza, au, kama ilivyo desturi, atamwambia asikilize tu na kuhifadhi. Kuhifadhi ni fadhila kubwa. Hata hivyo, kwa nini wenzake wapewe kusoma na kuandika, naye apewe kusikiliza peke yake? Habari ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka elimu, na Sura Abasa iliyoteremka kwa ajili yake, kila nyumba inaijua.

Vyombo vya siku hizi havitofautiani na hivyo. Vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza mwaka 2006 kutengeneza NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo katika kompyuta, nayo hutolewa bure. Sauti ya Kiswahili imo, ingawa lafudhi yake si ya kusifiwa. Katika simu nyingi za Android imo TalkBack tangu zinaponunuliwa, hata huenda baba wa Lipangalala anayo mfukoni bila kujua. Lakini ikishawashwa, simu hubadilika tabia: kugusa mara moja husoma tu, kugusa mara mbili ndiko kufungua, na kusogeza ukurasa hutaka vidole viwili. Asiyefundishwa huona simu imeharibika, akaizima.

Ama shimesikio, watu hulidhania kuwa kama miwani: ukivaa, yamekwisha. Chombo hiki hukuza sauti, na kelele nazo huzikuza. Mvua ya masika ikipiga juu ya bati la darasa, mtoto hupata kishindo badala ya somo. Mwalimu aliyefundishwa humkalisha mbele, humwelekea uso anaposema, wala hasemi huku akiandika ubaoni. Hujua kwamba kipande kinachoingia sikioni hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua, na kwamba mtoto asiyesikia kabisa ahitaji lugha ya alama, si chombo. Tena katika bonde hili jamaa wengi huhamia mashamba ya mpunga ya mbali kwa miezi ya kilimo. Betri zikiisha huko, na hewa ya unyevu ikiingia ndani ya chombo, mwalimu yuko mbali. Kwa hiyo mama naye hana budi kufundishwa.

Serikali inacho chuo cha ualimu wa elimu maalumu, Patandi, mkoani Arusha. Kazi yake ni kubwa, lakini kutoka Ifakara ni mbali, na mwalimu mmoja akisomeshwa kisha akahamishwa, elimu yote huondoka naye. Rai yetu ni kwamba walimu wasiopungua watatu wa shule moja wafundishwe pamoja, hapo hapo shuleni, wakati wa likizo, na mkufunzi arudi baada ya miezi michache kutazama yaliyowashinda. Jirani zetu wa Kenya wametangulia kidogo. inABLE, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliweka vyumba vya kompyuta katika shule za wasioona, ya Thika ikiwamo, pamoja na wakufunzi wake. Kilimanjaro Blind Trust nayo hushughulika na kutengeneza mashine za Perkins zilizoharibika, kazi isiyopigiwa picha ila yenye faida kubwa.

Basi mwenye kutoa mashine na atenge pia nauli ya mkufunzi, posho yake na karatasi za kutosha. Na siku ya kuikabidhi, kabla ya hotuba, mwalimu aketi mbele ya mashine aandike jina la mwanafunzi wake, na mwanafunzi alisome kwa vidole.