Sakafu ya Mbao: Pima ya Chini Kabla ya Kulipia ya Juu

Baridi ya Karatu, na zaidi ile ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, huwafanya wengi wanaojenga au kukarabati nyumba wachague sakafu ya mbao. Mninga, mkongo na mtiki hupendeza na hudumu, lakini bei yake ni kubwa. Kwa hiyo mlaji anapaswa kufahamu kwamba ubora wa mbao hizo hautaokoa kazi iliyojengwa juu ya sakafu ya chini isiyonyooka.

Sakafu ya chini ni tabaka la mbao za kawaida, kama vile paina au saipresi, au la plaiwudi, linalopigiliwa juu ya boriti. Tabaka hilo likiwa na vinundu na mabonde, kasoro haionekani siku ya kukabidhiwa kazi. Hujitokeza baada ya miezi kadhaa: mbao hulia zinapokanyagwa, viungo hufunguka na misumari huchomoza. Wakati huo malipo yamekwisha kufanyika, fundi humlaumu muuzaji wa mbao, naye muuzaji humlaumu fundi.

Kunyooka si sawa na kulala sawa

Pimamaji huonyesha kama sakafu imeinama upande mmoja. Mwinamo mdogo wa chumba kizima hauharibu mbao za juu. Kinachoziharibu ni mawimbi, yaani mahali panapopanda na kushuka ndani ya hatua chache, kwa kuwa ubao uliolazwa juu ya bonde hubaki ukining'inia na hupinda kila unapokanyagwa.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua rula ya chuma au ubao ulionyooka kabisa wenye urefu wa mita 3, uulaze sakafuni na uuzungushe kila upande, chumba kizima. Kiwango kinachotumiwa na mafundi wengi duniani ni kwamba nafasi chini ya rula isizidi milimita 5 katika urefu huo. Panapozidi, weka alama kwa chaki: vinundu kwa alama moja, mabonde kwa nyingine. Mwombe fundi apime mbele yako.

Tafuta sababu kabla ya kusawazisha

Bonde lina chanzo chake. Huenda boriti imeoza au imeliwa na mchwa, nguzo imedidimia, au mbao zimeachia misumari. Fundi hana budi kukagua chini ya sakafu pale panapofikika. Kusawazisha juu ya boriti iliyooza ni kuficha ugonjwa, na mlaji atalipa mara mbili.

Chanzo kikiisha kurekebishwa, kazi hufuata utaratibu huu:

1. Mbao zilizolegea hukazwa kwenye boriti kwa skrubu.
2. Vinundu hupunguzwa kwa randa au mashine ya msasa, baada ya vichwa vya misumari kuzamishwa. Katika nyumba kuukuu, rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake lisivutwe, na watoto wakae mbali.
3. Mabonde madogo hujazwa kwa vipande vya karatasi ya lami vilivyopangwa kwa ngazi, na makubwa kwa vipande vya plaiwudi vilivyochongwa kufuata umbo la bonde, kisha vikakazwa.
4. Rula hupitishwa tena chumba kizima.

Usikubali bonde lijazwe kwa magazeti, maranda au saruji ya kawaida. Magazeti na maranda hudidimia, na saruji hupasuka juu ya mbao zinazotikisika.

Unyevu

Mbao hutanuka zinapopata unyevu na kunywea zinapokauka. Mninga uliokauka katika joto la Tabora ukipigiliwa mara moja kwenye nyumba iliyozungukwa na ukungu wa ukingoni, utatanuka baada ya kazi kukamilika. Kinyume chake, mbao mbichi zilizowekwa wakati wa masika zitaacha nyufa ifikapo kiangazi.

Mbao za juu zihifadhiwe ndani ya chumba husika, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, hadi unyevu wake utulie. Fundi apime tabaka zote mbili kwa kipima unyevu. Kwa mbao nyembamba, tofauti isizidi asilimia 4. Kwa zenye upana unaozidi sentimita 7.5, isizidi asilimia 2. Kandokando ya kuta iachwe nafasi ya mbao kutanuka, ambayo baadaye hufunikwa kwa ubao wa pembeni.

Andika kabla ya kulipa

Makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yataje mambo haya: aina, unene na kiasi cha mbao, kiwango cha kunyooka, yaani milimita 5 katika mita 3, kiwango cha unyevu, na bei ya kusawazisha ikitajwa peke yake. Malipo yagawanywe kwa hatua, na fedha za kulaza mbao za juu zisitolewe kabla ya sakafu ya chini kupimwa na kupigwa picha. Dai na utunze risiti ya kila ununuzi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyeuziwa mbao mbichi kwa jina la mbao kavu, au paina iliyopakwa rangi kwa jina la mninga, awasilishe kwanza malalamiko yake kwa muuzaji kwa maandishi, kisha kwa Tume ya Ushindani (FCC) asiporidhika. Upungufu wa vipimo vya mbao hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo. Mgogoro kuhusu ufundi hafifu unaweza kufikishwa mahakamani, na hapo vipimo, picha na risiti ndivyo vitakavyomsaidia mlaji kuthibitisha dai lake.