Vinyago Vilivyobaki Kwao: Makumbusho ya Bonde la Lötschental

Treni ya njia ya zamani kutoka Bern kwenda kusini hupita Spiez na Kandersteg, kisha huzama gizani. Hilo ni handaki la Lötschberg, kilomita 14.6 ndani ya mwamba, lililofunguliwa mwaka 1913. Mwaka 1908, wakati wa kulichimba, maji na kokoto za bonde lililo juu yake zilifumua dari na kuwafunika wafanyakazi 25 kutoka Italia. Ukitokea upande wa pili uko Goppenstein, jimbo la Valais, kituo kilichobanwa na majabali. Tangu 2007 kuna handaki jingine la kilomita 34.6 linalopita chini zaidi, na abiria wa treni za kasi hawaioni tena Goppenstein.

Anayeshuka hapo hupanda basi la njano la posta, akaufuata mto Lonza hadi ndani ya bonde la Lötschental. Vijiji vyake vilikuwa vinne: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten. Nasema vilikuwa, na sababu yake nitaifikia. Bonde zima lina watu kama 1,500, wengi wao Wakatoliki, wanaozungumza Kijerumani cha kwao ambacho hata Mswisi wa Zürich hukisikiliza kwa taabu. Upande wa kusini umesimama mlima Bietschhorn, mita 3,934. (Jina la mto limefika mbali kuliko maji yake: kampuni ya Lonza, iliyoanzishwa 1897 ili kutumia umeme wa mto huo, ndiyo iliyotengeneza kiini cha chanjo ya Moderna wakati wa Uviko.)

Uswisi ina makumbusho zaidi ya 1,000 kwa watu milioni tisa hivi. Yale makubwa ya Zürich, Basel na Geneva yanajulikana. Mengi ya yaliyobaki ni madogo, ya kijiji au ya bonde, yanayofunguliwa alasiri na kufungwa kabisa miezi fulani ya mwaka. Makumbusho ya Lötschental yako Kippel. Ukikimbia, utayamaliza kabla chai haijapoa. Ushauri wangu ni kwamba usikimbie.

Anza na vijiti. Ni vipande vya mbao, vingine havizidi urefu wa kiganja, vimefungwa pamoja kwa kamba. Wenyewe huviita Tesseln. Upande mmoja imechongwa alama ya ukoo: msalaba, pembetatu, mistari miwili inayokatana. Upande mwingine kuna mikato, mirefu na mifupi. Mikato hiyo ndiyo haki. Inasema ukoo huu unaruhusiwa kupeleka ng'ombe wangapi kwenye malisho ya juu majira ya joto, au nani ana zamu ya kazi fulani ya kijiji. Kulikuwa na vijiti vya maji ya kumwagilia, na kulikuwa hata na vya mikopo, kama daftari la deni la duka la mtaani, ila hapa anayedaiwa hawezi kudai kwamba ukurasa umepotea. Sheria hizi ziliandikwa kwa kisu, na aliyejua alama ya jirani yake hakuhitaji kalamu. Mimi ningemtuma kila mwanafunzi wa sheria za ardhi akavitazame vijiti hivyo kabla ya kufungua kitabu.

Vyombo vya jikoni na vya shambani vinajieleza vyenyewe. Mkate uliokwa mara chache tu kwa mwaka, kwenye tanuri la kijiji, kwa unga wa rai, nafaka jamaa ya ngano inayostahimili baridi. Ukikauka uligeuka gogo, ukahitaji kisu maalumu cha kuukatia. Nafaka yenyewe ilihifadhiwa kwenye maghala ya mbao yaliyoinuliwa juu ya miguu, na kati ya mguu na ghala likawekwa bapa la jiwe, panya asipate pa kupandia. Maghala kama hayo bado yamesimama kijijini nje ya makumbusho. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifika hapa daktari wa meno kutoka Marekani, Weston Price, akayasifu meno ya watoto waliokula mkate huo na jibini. Mwaka 1935 akaja Afrika Mashariki kutazama meno yetu, na 1939 akayatia yote katika kitabu kimoja. Wakazi wa bonde walikuwa wameanza kuzoea kutazamwa.

Wanaume wa huku walikwenda kupigana vita vya wafalme wa nje, wakiwemo wa Naples, kwa kuwa shamba la mlimani halikuweza kulisha kila mtoto wa kiume. Makoti yao mekundu hayakutupwa. Hadi leo, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, wanaume wa bonde huvaa sare hizo na kofia za manyoya, wakaandamana na Ekaristi. Ni sare ya mfalme aliyekwisha ondoka, katika maandamano ya Mungu, na hakuna anayeona ajabu.

Lakini kilicholipa bonde hili jina ni vinyago. Kila mwaka, kuanzia tarehe 2 Februari hadi siku ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, hutoka Tschäggättä. Mtu hujifunika ngozi za mbuzi au kondoo kifuani na mgongoni, kiunoni hufunga kengele nzito ya ng'ombe, na usoni huvaa kinyago cha mti wa msonobari wa milimani. Mdomo umepinda, pua imevimba, na mara nyingi meno ni ya ng'ombe kweli. Zamani walioruhusiwa kuvaa ni vijana wa kiume wasiooa. Walikimbia vijijini wakiwasugua theluji usoni waliowakamata, wasichana hasa. Mapadre wa karne ya 19 walijaribu kuupiga marufuku mchezo huo, wakashindwa. Siku hizi hutoka watoto na wanawake pia, isipokuwa Jumapili.

Kwenye kuta za makumbusho vinyago vinaonyesha mabadiliko ambayo mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, angeyatambua mara moja. Vya zamani ni vidogo, vyeusi kwa moshi, na vimechongwa kwa haraka ya mtu anayetaka kuvitumia usiku huohuo. Baadaye, watalii walipoanza kununua, nyuso zilikua, meno yakaongezeka, rangi ikang'aa. Kinyago cha kuvaa kikawa cha kutundika sebuleni. Wapo wanaohuzunikia jambo hilo. Mimi sioni kosa, maadamu mchongaji ana kazi na bado kuna kijana anayekivaa Februari.

Kabla ya watalii walikuja wasomi. Leopold Rütimeyer, daktari wa Basel aliyependa elimu ya makabila, aliviandikia vinyago hivi mwanzoni mwa karne ya 20, akavilinganisha na vya watu wa nchi za mbali. Katika macho ya mjini, mkulima wa Lötschental naye alikuwa mtu wa kale wa kufanyiwa utafiti, na vinyago vyake vikaondoka kwenda makumbusho ya mijini. Kuna mgeni mmoja aliyefanya tofauti. Albert Nyfeler, mchoraji aliyezaliwa 1883, alihamia Kippel, akachora, akapiga picha, akakusanya vyombo na vinyago, na akakaa hapo hadi alipofariki 1969. Kwa sababu yake na ya waliomfuata, sehemu kubwa ya vitu hivyo leo inatazamwa na wajukuu wa waliovitengeneza.

Sisi tuna habari yetu na vinyago na Uswisi. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba vitu kadhaa, kikiwemo kinyago cha lipiko cha Wamakonde. Mwaka uliofuata makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua. Kilirudishwa Tanzania Mei 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Ukikumbuka hilo, chumba kidogo cha Kippel unakitazama kwa jicho jingine. Thamani ya kinyago si ileile kila mahali. Mahali ambapo mtu ambaye baba yake alikivaa anaweza kusimama mbele yake na kukosoa maelezo ya kibao, hapo ndipo kinaposema mengi zaidi.

Sasa Blatten. Mei 2025 mlima ulioko juu ya kijiji hicho ulianza kumwaga mawe juu ya barafu kuu ya Birch. Tarehe 19 watu kama 300 walihamishwa, na mifugo yao pia. Tarehe 28 alasiri barafu yote iliporomoka pamoja na mawe, mamilioni ya mita za ujazo, ikafunika sehemu kubwa ya kijiji. Lonza ukazibwa, maji yakapanda na kuzifikia nyumba zilizokuwa zimenusurika. Mchungaji mmoja wa kondoo alifariki. Nyumba za mbao za karne nyingi, maghala na kila kilichokuwa darini vilikwenda siku moja. Kippel, kilomita chache chini, ilisalimika. Chochote cha Blatten ambacho mtu alikuwa amekikabidhi makumbusho kabla ya siku hiyo kimebaki. Ambacho alipanga kukikabidhi baadaye hakipo.

Msomaji uliye masomoni au kazini Bern au Geneva, bonde hili linafikika kwa safari ya siku moja. Ukitaka kuona vinyago vikikimbia, nenda Februari na uvae koti ambalo hutalijutia. Ukitaka kuviona vimetulia, nenda majira ya joto, lakini ulizia saa za kufungua kabla ya kupanda treni.