Gluteni na Mkate wa Udaga

Kanda kikombe cha unga wa ngano kwa maji hadi upate donge gumu. Liache nusu saa, kisha lioshe kwenye bakuli la maji ukilifinya polepole. Maji yanageuka meupe; yamwage, weka mengine. Wachenjuaji wa dhahabu pale Nyarugusu, Geita, wanaijua kazi hii: kingi kinakwenda na maji, kinachotafutwa kinabaki kidogo. Hapa kinachobaki ni kipande cha kijivu, kinanata, ukikivuta kinarefuka. Hiyo ndiyo gluteni. Mtaliano Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna aliitenga kwa kuosha vivyo hivyo, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745.

Viwandani huoshwa kwa mashine, hukaushwa na kusagwa. Joto likizidi wakati wa kukausha, haivutiki tena. Unga wake una protini asilimia 75 hadi 80 hivi. Unga mzuri wa mkate una 11 hadi 13.

Rudia jaribio hilo kwa unga wa udaga, yaani wa muhogo uliokaushwa: wote utaondoka na maji. Muhogo hauna gluteni, kwa hiyo hewa ya hamira inakosa cha kuizuia. Mwokaji wa Geita akichanganya udaga ili kupunguza ngano, ambayo Tanzania huagiza nyingi kutoka nje, mkate hauinuki vizuri na ukikatwa unameguka. Hapo ndipo gluteni inapolipa. Tuseme kilo moja ya mchanganyiko ina gramu 800 za ngano yenye protini asilimia 12: hizo ni gramu 96, wakati ngano tupu ingetoa 120. Gramu 30 za gluteni zinaziba pengo hilo. Ichanganye na unga mkavu kwanza, la sivyo itafanya madonge, na uongeze maji kidogo kwa sababu inafyonza sana.

Kwenye chapati sioni sababu ya kuitia. Mama lishe anayekandia maji ya moto na mafuta, kisha akafunika donge lipumzike, anahangaika kulilainisha. Wewe ukiongeza gluteni, chapati inajirudi kila ukiisukuma, na ikiiva inakuwa ngumu.

Wapo wanaoisifu kuwa ni lishe kwa kuwa ni protini karibu tupu. Protini hiyo ina upungufu mkubwa wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo dagaa wa ziwani na maharage wanayo tele. Sitamshauri mzazi anunue gluteni badala ya dagaa.

Jambo moja kwa wauzaji. Kuna watu ambao gluteni huwaharibia utumbo mwembamba. Ugonjwa huo huitwa seliaki, na duniani unakadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya 100. Kwao udaga ni salama, ngano si salama. Mkate wenye ngano na gluteni ukiandikwa "mkate wa muhogo" tu, mgonjwa ataununua akidhani unamfaa.