Jina la faili ni nusu ya hifadhi

Hapa Panda nilirekodi masimulizi ya kambo wangu, nikayaita «sauti1». Mwenzangu akaweka «sauti1» yake katika folda ileile ya seva tunayotumia pamoja, yangu ikafutika. Kambo amekwisha kufariki.

Seva hupanga majina kwa tarakimu na herufi, maana haiijui. Haijui kwamba Jadotville ndilo jina la zamani la Likasi: ukitafuta moja, la pili halitokei.

Siku hizi naanza na mwaka, kisha mwezi, siku, mahali na mada: «2024-03-09_Likasi-Jadotville_ndoa». Faili hujipanga zenyewe kwa tarehe, na jina lolote kati ya hayo mawili huzipata. Nakala ya pili naiweka kwenye diski, nje ya seva.