Kutafuta Nyoka na Mtoto Huku Mpakani

Jamaa zangu wa Mombasa hushangaa wakisikia kuwa huku Busia na Malaba mimi hutoka na mwanangu kutafuta nyoka. Hatutafuti kumshika wala kumuua. Twataka kujua akaako. Nafaka huvuta panya, na panya humvuta nyoka. Kwa hivyo twaanza kando ya maghala na mashamba ya mahindi, kisha vichaka vya mto Malaba.

Masharti ni matatu: viatu vya kufunika miguu, fimbo ndefu, na mkono usitiwe mahali usipopaona. Tukimwona, twarudi nyuma polepole.

Moma, aitwaye pia kifutu, hakimbii akisikia vishindo. Hulala kimya akitegemea rangi yake, ndipo watu wakamkanyaga. Swila wengine hutema sumu machoni. Hapo osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.

Nyoka akiuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Kiungo kisitikiswe, na mgonjwa afikishwe hospitali upesi.

Mtoto wa huku ataokota kuni na kuchunga mbuzi, tumfunze tusimfunze. Heri aingie kichakani akijua.