Nisba ya Mdachi Iliyoota Jabalini

Mtu wa Tanga akikaa barazani na mgeni hatosheki kuambiwa jina lake na la babaye, bali hungojea nisba, kwa kuwa humo ndimo ilimofichwa safari: al-Harthi humrudisha msikilizaji hadi Omani, na Shirazi humvusha mpaka Uajemi, hata kama jahazi lililomleta babu halimo katika kumbukumbu ya mtu yeyote aliye hai. Wadachi waliotamalaki mwambao huu walikuja nao na nisba zao, na mojawapo, iliyoanza mbali na Udachini na kupitia hapa kwetu, imeenea duniani kwa njia ambayo mwenyewe hakuitazamia.

Nisba hiyo ni Saint Paul-Illaire. Hata asiyejua Kidachi huona kwamba haina harufu ya Kidachi, maana Saint Paul ni Mtakatifu Paulo kwa ulimi wa Kifaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipobatilisha amri ya Nantes, iliyokuwa imewapa Waprotestanti wa nchi yake amani ya dini, Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, aliwafungulia milango kwa amri ya Potsdam mwaka huo huo, wakahajiri kwake watu wapatao 20,000. Na kwa mlango huo majina mengi ya Kifaransa yaliingia Prussia, wajukuu wakaisahau lugha na kuyabakiza majina, na waliopata ubwana wakayatangulizia neno *von*, kama sisi tulivyokuwa tukitanguliza Mwinyi.

Walter von Saint Paul-Illaire alizaliwa Berlin mwaka 1860, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa mkuu wa wilaya mjini Tanga, wakati kamba iliyomnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wadachi, kule Pangani, Desemba 1889, ilikuwa bado mbichi katika fikra za watu. Sina haja ya kuupamba utawala ule, uliosimama juu ya bunduki. Walakini insafu yataka isemwe kwamba bwana huyu alijifunza lugha ya aliowatawala, akachapisha Berlin mwaka 1890 kitabu cha kuwafundishia wenziwe Kiswahili.

Kilichomfikisha mbali, hata hivyo, hakikuwa kitabu. Mwendo wa saa moja kutoka mjini, katika nyufa za majabali ya chokaa yenye kivuli, jamii moja na yale yenye mapango ya Amboni, na tena juu katika misitu ya Usambara, aliona mmea mfupi wenye majani ya manyoya laini na maua ya rangi ya urujuani, ambao bila shaka wachanja kuni walikuwa wakiupita kila siku bila ya kuushughulikia. Alimpelekea babaye, mpenzi mkubwa wa miti na bustani, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliuandika katika daftari la elimu kwa jina la *Saintpaulia ionantha*: neno la kwanza taadhima kwa baba na mwana, na la pili, la asili ya Kiyunani, kwa ajili ya maua yaliyofanana na urujuani wa Ulaya.

Tangu hapo jina likawa msafiri asiye na nauli. Mfanyabiashara wa mbegu Ernst Benary wa Erfurt aliuza mbegu zake; katika miaka ya 1920 bustani ya Armacost & Royston ya Los Angeles ikaotesha miche kwa mamia na kuchagua kumi tu iliyo bora, na kutoka hapo ua likaingia madirishani mwa Wamarekani, katika nchi ambayo mkuu wa wilaya ya Tanga hakuwa na amri nayo hata kidogo. Hapa kwetu mambo yalikwenda kinyume: Wilhelmstal, mji uliopewa jina la Kaisari mwenyewe, umerudi kuwa Lushoto, na kijana wa leo hulisikia jina lile kama hekaya. Jina la Kaisari halikudumu mlimani, ilhali la mtumishi wake lilibebwa na mmea usiozidi shibiri.

Nalo limepatwa na msiba wake. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza nasaba ya mimea hii kwa vipimo vya siku hizi, waliiingiza katika ukoo mkubwa zaidi wa *Streptocarpus*, na Saintpaulia ikabakizwa kuwa jina la tawi tu ndani yake, mithili ya liwali aliyevuliwa mji akaachiwa mtaa. Wenye bustani hawakusikia, au wamesikia na wakapuuza: Mfaransa angali akiita ua lile *saintpaulia*, na hivyo nisba imerudi nyumbani katika vinywa vya Wafaransa. Mdachi mwenyewe, ambaye angetarajiwa kumtukuza bwana wake, halitaji kabisa. Akienda sokoni kununua chungu kimoja cha kuweka dirishani, huomba *Usambaraveilchen*, urujuani wa Usambara, akiutaja mlima wa Washambaa kwa matamshi ya kigeni ambayo wenyewe, wanaoiita nchi yao Shambalai, wangeyasikiliza kwa kutabasamu.