Kidonge Chenye Tundu

Mama mdogo alinipigia simu kabla jua halijachomoza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeona haya. Dawa ya presha aliyotumiwa na binti yake kutoka Uingereza ilikuwa imetoka chooni kama alivyoimeza: duara, ya waridi, haina hata mkwaruzo. “Mwanangu, hizi dawa hazisagiki tumboni. Niwe nazitwanga?”

Nikamsihi asithubutu. Alichokiona ni ganda tupu. Dawa yenyewe ilikwisha kuingia mwilini tangu jana.

Hakuniamini, na sikumlaumu. Kidonge tulichokizoea huyeyuka chote tumboni, dawa ikajaa kwenye damu kwa kishindo, kisha ikapungua mpaka saa ya kumeza kingine. Dawa yake, nifedipini, ilianza maisha kwa namna hiyo hiyo. Ilimezwa mara tatu kwa siku, na kila mara ilipopanda ghafla ilitanua mishipa kwa kasi: uso ukawaka moto, kichwa kikauma, moyo ukaenda mbio. Kwa baadhi ya wagonjwa presha ilishuka upesi kiasi cha kuhatarisha moyo na ubongo. Dawa ilikuwa nzuri. Kilichoiponza ni namna ilivyoingia.

Nilipokwenda kumwona, nilikimulika kidonge kimoja kwa tochi ya simu. Upande mmoja kulikuwa na tundu dogo, halifiki upana wa milimita moja, limetobolewa kwa mwale wa leza. Nikakikata kwa wembe. Ndani mlikuwa na matabaka mawili: la njano, ambalo ndilo dawa, na chini yake jingine jekundu. Yote mawili yamefungwa ndani ya utando mwembamba lakini mgumu wa selulosi asetati, kitu kitokanacho na nyuzi za mti au pamba, ambacho tumbo letu haliwezi kukisaga.

“Ukikata kitunguu cha kachumbari ukakitia chumvi,” nikamuuliza, “bakuli linakuwaje?” Linajaa maji, akasema. Basi siri yote ni hiyo. Maji hufuata penye chumvi, nayo ngozi nyembamba za seli za kitunguu huyapisha yatoke. Katika kidonge hiki chumvi iko ndani, na maji yako nje, tumboni. Utando huyaruhusu maji kuingia lakini hauruhusu kilichomo kutoka, isipokuwa kwenye lile tundu. Maji yanapenya polepole, shinikizo linapanda, dawa inasukumwa nje tone kwa tone. Wanasayansi huita nguvu hiyo osmosisi.

Uzuri wake, na hapa mimi hustaajabu kila nikifikiri, ni kwamba saa ya kidonge haikai tumboni. Inakaa kwenye utando. Tumbo lina asidi kali, utumbo hauna. Leo umekula pilau, kesho umefunga. Lakini kasi ya maji kupenya inategemea zaidi unene wa utando na nguvu ya kilichomo ndani, na vyote viwili viliamuliwa kiwandani.

Wazo hili lilianzia kwa mifugo. Mwaka 1955 watafiti wawili wa Australia, Rose na Nelson, walitengeneza pampu ya vyumba vitatu, cha dawa, cha chumvi na cha maji, ili kuwapa dawa kondoo na ng'ombe mfululizo. Ilikuwa kubwa mno kwa koo la mtu. Katika miaka ya 1970, Felix Theeuwes wa kampuni ya Alza huko California aliondoa vyumba vyote, akabakiza kiini, utando na tundu. Na tundu hilo lina hesabu yake: likiwa dogo kupita kiasi, shinikizo linaweza kupasua ganda; likiwa kubwa, dawa inajitokea yenyewe bila kungoja maji.

Hesabu ya fizikia peke yake haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kidonge cha namna hii chenye indomethasini, dawa ya maumivu ya viungo, kiliuzwa Uingereza kwa jina la Osmosin. Mwaka 1983 kiliondolewa sokoni baada ya wagonjwa kadhaa kutoboka utumbo; ilishukiwa kwamba dawa kali pamoja na chumvi ya potasiamu vilikuwa vikimwagika mahali pamoja kwenye ukuta wa utumbo. Sipendi tunapoisimulia teknolojia hii kana kwamba ilikuja bila gharama. Watu waliumia.

Nifedipini ilikuwa na kikwazo kingine: haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ndiyo maana ya lile tabaka jekundu. Ni polima inayovimba ikilowa, ikaisukuma dawa iliyo juu yake kuelekea tunduni. Rangi imetiwa ili mashine ijue upande wa dawa ni upi kabla ya kutoboa. Marekani iliidhinisha kidonge hicho mwaka 1989, kimoja kwa siku.

Kwa hiyo kukikata nusu ili dawa itoshe mwezi, au kukitwanga kwa ajili ya mzee asiyeweza kumeza, ni kumpa kwa mpigo kilichokusudiwa saa 24. Mfamasia anayekabidhi dawa hii aseme mambo mawili kabla mgonjwa hajaondoka dirishani: kimeze kizima, na ukiona ganda chooni usimeze kingine. Mwenye utumbo uliobana naye amwambie daktari mapema, kwa sababu ganda hilo halilainiki na linaweza kukwama.

Mama mdogo alichukua nusu moja ya kidonge nilichokata, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji, akaiacha dirishani. Tulipomaliza chakula cha mchana akaniita. Tabaka jekundu lilikuwa limefura na kutokeza nje ya ganda, kama unga wa maandazi ulioumuka, na ganda lenyewe liko vile vile.

“Kumbe kinasukumwa,” akasema, akainama kuangalia tena.